Mwanamke wa Vijiko Vitatu vya Sukari

Przemyśl, 24 Januari 1982

Lesław mume wangu,

Posta imefunguliwa tena, kwa hiyo nakuandikia kabla hawajabadili mawazo. Bronka pale saluni anasema kila barua sasa inafunguliwa na kugongwa muhuri wa "imekaguliwa". Basi nianze kwa kumsalimu bwana mkaguzi. Bwana, hapa hamna siri, ni msusi wa nywele anamwandikia mumewe aliyeko Wrocław. Ukimaliza kusoma, ziba bahasha vizuri.

Sisi wazima. Nyonga ya Mama bado inamsumbua tangu alipoteleza kwenye barafu, ngazi hawezi kabisa, hivyo miguu yake ni mimi. Natoka saluni naingia foleni ya mkate, natoka foleni napanda kwa Mama. Mkesha wa Krismasi tulikula wawili tu, na viti viwili vitupu mbele yetu, chako na cha kaka yangu Seweryn.

Hajulikani alipo tangu ile alfajiri ya Desemba jeshi lilipotangaza hali ya hatari, askari walipomfuata kwa mambo yake ya chama cha wafanyakazi wakakuta kitanda bado cha moto. Hajakamatwa, hilo tuna uhakika nalo, maana wamerudi mara mbili kumuulizia. Mama amemfumia jozi ya tatu ya soksi, kwa sababu mwanawe halali bila soksi hata kiangazi. Na sukari yake ya mgao anaificha kwenye kopo. Nikimwambia tuitumie, ananijia juu: "Weee! Akirudi nimwekee vijiko viwili? Yule ni vitatu tangu ana miaka minne!"

Humu ndani kuna mkate wetu wa Krismasi, ule mwembamba kama karatasi, wa kona nne, natumaini haujavunjika. Kona moja nimemega mimi, nyingine Mama. Ya tatu Mama hataki iguswe, ni ya Seweryn. Ya nne ni yako. Imege, ule, ujitakie heri, halafu mkate uliobaki nirudishie, Mama anataka kuutunza. Kona ya Seweryn usiiguse. Atajua tu, unamfahamu.

Bendi bado ipo? Nasikia kumbi zimefungwa. Kama huimbi, rudi nyumbani uandike mashairi kama zamani. Mezani pako nimeweka cherehani, lakini nitaiondoa.

Wako,
Ludwika


Wrocław, 9 Machi 1982

Ludwika wangu,

Barua yako ilichukua wiki nne kufika, nadhani imesomwa na watu wengi kuliko kitabu changu cha mashairi. Kile kilipata wasomaji mia mbili, na nakala kumi na mbili alinunua shangazi yako peke yake.

Nipo salama. Asubuhi nachochea makaa kwenye tanuri la kupashia joto shule moja, mchana tunafanya mazoezi. Bendi yetu, Zamu ya Pili, imeruhusiwa kupiga tena, ila kila wimbo lazima upelekwe kwanza ofisini kwa wakaguzi, nakala tatu, neno kwa neno, ukagongwe muhuri. Bila muhuri huimbi. Nilidhani mshairi kazi yake ni kuandika, kumbe kazi yake ni kukaa kwenye benchi la mbao na karatasi mkononi. Lakini usinirudishe kwenye cherehani. Jumamosi iliyopita waliimba pamoja nami vijana mia nane. Mia nane, Ludwika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa shangazi yako.

Nakurudishia mkate. Mwonyeshe Mama. Mwambie kona zote zimeliwa, na kila moja imekwenda inakostahili. Mwambie kwa maneno hayohayo, na wewe pia uutazame vizuri.

Pasaka sitaweza kuja. Kuna mambo hayaandikwi, nitakueleza tukionana. Kama inawezekana, nitumie jozi moja ya zile soksi za Mama. Huku baridi ni kali.

Mumeo,
Lesław


Przemyśl, 21 Machi 1982

Lesław,

Nimeutazama vizuri, kama ulivyoniagiza. Kona nne, zote zimeliwa. Mama na mimi ni wawili, wewe wa tatu. Wa nne ni nani?

Usiniambie ni mpiga ngoma wenu. Mkate wa Krismasi haumegwi na mpita njia. Unamegwa na watu wa nyumba yako, mmetazamana machoni, mmetakiana afya na uzima. Kwa hiyo huko kwako kuna mtu wa nyumba. Umemkalisha mezani, umempa kona ya kaka yangu ambaye hatujui hata kama ana paa juu ya kichwa, halafu unanirudishia mabaki nikamwonyeshe mama yangu! Sikumwonyesha. Nimeutia kwenye droo chini ya vitambaa, nikamwambia posta imeupoteza.

Na soksi. Sufu inakuwasha tangu nikujue. Siku ya harusi yetu ulikwenda kanisani na soksi za pamba kwenye theluji. Leo umeota miguu mipya? Mama amezifunga tayari, zile za kijivu zenye mstari mwekundu, masikini hana habari. Kamvalishe unayemvalisha.

Bwana Teofil wa duka la nyama ameniuliza leo kama mume wangu bado yu hai. Nikamwambia sina uhakika. Akanifungia nusu kilo ya mbavu bila kadi ya mgao, akasema mwanamke kama mimi hafai kukondeana. Nimezikaanga na vitunguu. Zilikuwa laini sana.

Ludwika


Wrocław, 2 Aprili 1982

Ludwika,

Wewe una akili kunishinda, kila mtu anajua hilo. Kwa nini safari hii zimekwenda likizo? Hakuna mwanamke. Isome ile barua yangu tena, polepole, kisha usiniulize zaidi. Na mkate umpe Mama, nakusihi.

Mbavu za Teofil ale Teofil.

Asante kwa soksi. Zimetosha sawasawa.

Lesław


Przemyśl, 4 Julai 1982

Bwana msanii,

Jana tulikuwa saluni, wateja watatu chini ya vikaushia nywele na mimi nina brashi mkononi, redio inasoma orodha ya nyimbo za wiki. Bronka akapiga kelele, "Shoga, zima hivyo vikaushia! Mumeo huyo!" Tukavizima. Wanawake wazima watano tukakaa kimya kama tuko kwenye ibada. Nikasikia sauti yako, nikaona fahari, Mungu wangu, nilitaka kulia. Halafu nikasikia maneno.

*Mgeni wangu analala na soksi,
vijiko vitatu vya sukari, hakorogi,
tofaa anamenya, ganda lisikatike,
anamenya kama ana muda wote duniani.
Nywele nyeusi, sketi ya kijani,
usigonge mlango, amelala.*

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyenitazama. Mimi nywele zangu ni za rangi ya ngano, na kila mmoja mle ndani anajua, maana wananiona kila siku. Bibi mmoja, mke wa mkuu wa stesheni, akasema taratibu kutoka chini ya vibanio, "Labda ni dada yake." Bronka akamjibu, "Dada yake alale na soksi kwa nini, hana kwao?" Nikamchoma yule bibi sikio kwa bahati mbaya.

Vijiko vitatu! Sisi huku kilo ya sukari inafika mwisho wa mwezi kwa kuombewa, yeye anatia vitatu na hakorogi, yaani nusu yake anaiacha chini ya glasi. Mwanamke gani huyo asiye na aibu? Nimekaa foleni saa mbili leo nikimfikiria tu. Nimemjua mpaka vidole. Ana vidole vyembamba, siyo, vya kumenyea matofaa. Vyangu vina rangi ya nywele za watu.

Miaka minne ya ndoa hujaniandikia mimi wimbo hata mmoja. Yeye miezi minne tu, nchi nzima imemjua.

Ludwika


Wrocław, 19 Julai 1982

Mpenzi Ludwika,

Ni wimbo. Wimbo ni wimbo tu, hana mwili huyo. Zile nywele nyeusi zilizaliwa ofisini, kwenye benchi la mbao, siku moja nitakuchekesha kwa hadithi hiyo.

Lakini umeupenda? Hukusema. Wiki hii tumepanda kutoka ishirini na saba hadi kumi na tano. Mpiga gitaa analia anapousikia kwenye redio. Gazeti moja limeandika kwamba mimi ni mshairi aliyepotelea kwenye roki, na jingine kwamba mimi ni mwanaroki aliyepotelea kwenye ushairi. Nimekata yote mawili. Watu wananisimamisha barabarani wananiuliza, "Amekwisha amka, mgeni wako?" Najua hupendi kuyasikia haya, lakini nimwambie nani kama si wewe?

Agosti tuna safari ya maonyesho. Usije sasa.

Lesław


Przemyśl, 30 Agosti 1982

Lesław,

Sikukuu ya mtakatifu wa jina langu imepita. Bronka alileta keki ya mbegu za mpopi, Mama alinipa bangili yake, Bwana Teofil alileta maua aina ya dalia, mengi mpaka sikuwa na chombo. Kutoka Wrocław hakijaja kitu. Nilikaa dirishani nikimsubiri mleta barua, na nilipomwona anapita mlango wetu nikafanya kama natia maji maua.

Mwanamke wako amefika namba nne. Hongera. Watoto wa jirani wanaruka kamba wakimwimba: vijiko vitatu, hakorogi, hop. Mama naye ameupenda! Jana alikuwa anaimba na sindano za kufumia mkononi. "Huyu mkweo ana kipaji," ananiambia, badala ya kusema mumeo, akili imeanza kumpotea. Halafu akasema, "Huyo mgeni wake namwonea huruma, sijui kwa nini." Nilitoka jikoni nikaenda kulia kwenye ngazi.

Nakuambia wazi: nina wivu. Nina wivu na soksi zake, na tofaa lake. Nina wivu hata na mlango wako, kwa sababu ukirudi kazini wewe na mlango mnajua aliyemo ndani, mimi mkeo sijui. Ninakuja.

Ludwika


Wrocław, 6 Septemba 1982

Ludwika, usije. Nakuomba kwa uhai wa Mama. Nitakuja mimi Novemba, tukawashe mishumaa makaburini pamoja, na nitakueleza yote mbele ya kaburi la baba yako. Nivumilie miezi miwili tu.

L.


Przemyśl, 12 Oktoba 1982

Lesław,

Nilikuja.

Alhamisi. Nilivaa koti la Mama kwa sababu langu lina tundu, nikabadilisha treni mara mbili, nikafika kwako mchana. Bango la bendi pale stesheni linasema mko Szczecin wiki nzima. Sawa. Nilikuwa namtaka yeye, siyo wewe.

Nilisimama ng'ambo ya barabara nikatazama ghorofa ya nne. Kwenye kamba ya roshani yako zilikuwa zimeanikwa soksi. Za kijivu zenye mstari mwekundu. Zilikuwa mbichi bado, zinadondosha maji. Wewe uko Szczecin siku ya tano, soksi zimefuliwa asubuhi hiyo. Soksi ambazo mama yangu amezifuma kwa ajili ya Seweryn wake, macho yakimtoka, na mwanamke wa sketi ya kijani anazichafua miguuni!

Nilipanda. Nikagonga. Nikasikia hatua zinakuja mpaka mlangoni zikasimama. Kuna mtu alikuwa anapumua upande wa pili, mimi na yeye tumetenganishwa na ubao mmoja. Nikamwambia, "Fungua, malaya wewe! Nataka nizione hizo nywele nyeusi!" Hakufungua. Nikasema, "Nipe angalau soksi za kaka yangu!" Nikakaa kwenye ngazi saa nzima. Hakukohoa wala hakupiga hatua. Mwanamke wa kawaida angetukana, angeita majirani. Huyu anajificha kama mwizi, maana anajua ni mwizi.

Jirani wa chini aliniambia hajawahi kumwona mtu akitoka humo zaidi yako tangu majira ya baridi. Miezi minane umemfungia ndani! Ni mke wa mtu, au ni mtoto wa shule? Nauliza tu.

Na wewe bwana mkaguzi unayesoma hii kwanza, kama una mke, mwonyeshe. Aone wanaume walivyo.

Sitaki jibu.
Ludwika


Wrocław, 3 Novemba 1982
(kwa mkono wa Kostek, mpiga ngoma wetu)

Ludwika,

Barua hii haipiti posta. Anayekupa ni mtu wangu, mpe chai, na ukimaliza kuisoma itie jikoni kwenye moto.

Hapakuwa na mwanamke. Alikuwa Seweryn.

Alikuja kwangu mwisho wa Februari, amekonda, ana kikohozi. Niliutoa mkate wako kwenye droo nikamwambia, kona yako hii, mamako ameilinda. Aliila akageukia ukutani. Nikafikiri, nikiwarudishia mkate bila kona hiyo, wanawake wale wawili wataelewa kwamba yu hai na yuko kwangu, na hakuna mkaguzi duniani atakayejua kusoma mkate. Nilijiona nina akili sana. Ningeandika neno moja zaidi, wangeelewa wao kabla yako.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema Mama atamwambia padri, na wewe utamwambia Bronka, na Bronka ni sawa na redio. Lakini mimi niliyeapa ndiye nilikwenda kuandika wimbo. Nilikuwa na mtu nyumbani, simwambii yeyote, nikaona napasuka, nikawaambia watu wote nchini. Pale ofisini bwana mmoja aliisoma karatasi akaniuliza, "Huyu mgeni ni nani?" Nikasema, "Mwanamke." Akauliza, "Yukoje?" Nikamtazama katibu wake aliyekuwa anapita. Alikuwa na nywele nyeusi na sketi ya kijani. Muhuri ukagongwa. Soksi, sukari na tofaa viliachwa kama vilivyo. Nilifikiri utamtambua kwa soksi tu. Mnamwekea sukari yake kwenye kopo, Ludwika! Wewe mwenyewe uliniandikia!

Walikuja tarehe kumi na tisa Oktoba asubuhi, wanaume sita. Hawakugonga. Mimi walinishika siku mbili. Bwana mwenye miwani alinisomea barua yako yote mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzuri kuliko yangu. Alipofika kwenye soksi za Seweryn akaiweka mezani, akanywa maji. Akasema, "Mkeo anakupenda sana."

Seweryn amefungwa miaka mitatu. Kesi ilichukua nusu saa.

Nimekukasirikia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimejikasirikia zaidi. Kila mtu nimemwambia kwamba kilichomponza ni wimbo. Mama nitamwambia hivyo, na Seweryn anaamini hivyo. Usiwaambie kitu. Mimi naweza kuubeba mzigo huu, mimi ni mtu wa jukwaani, watu wamezoea kunilaumu.

Jumamosi baada ya wao kumchukua, wimbo ulifika namba moja. Sitauimba tena. Watu wanaudai kwa kupiga miguu sakafuni, nawaambia mgeni amehama.

Lesław


Przemyśl, 8 Novemba 1982
(kwa mkono wa Kostek)

Lesław,

Nilisoma mara moja nikaichoma, lakini nimeishika kichwani yote.

Nilizitazama soksi za kaka yangu zikidondosha maji nikaona mwanamke. Nimelala naye chumba kimoja miaka kumi na sita, nimemwona akimenya matofaa hivyohivyo, ganda linashuka mpaka magotini, Mama anamgombeza atajikata vidole. Kama wimbo ule angeuimba mume wa mtu mwingine, ningesema papo hapo, huyu ni Seweryn wetu. Lakini uliuimba wewe.

Usinibebee chochote. Nimemwambia Mama. Nilipiga magoti nikamwambia kila neno, mpaka lile la malaya. Hakulia. Akasema, "Nipe mkate." Nikautoa kwenye droo chini ya vitambaa. Aliuinua dirishani, akaona kona imeondoka, akapabusu palipomegwa. "Kona yake amekula," akasema. "Ungenionyesha mwezi wa tatu, ningelala usingizi miezi saba."

Hajanisemesha tena tangu hapo. Chakula ananiwekea.

Nyama nyingine aliyonipa Teofil nimemrudishia. Nilimwekea kauntani mbele ya foleni nzima. Ilikuwa utani wa kukuumiza tu, na ulikuumiza, nami nilifurahi. Nakuambia na hilo pia ulijue.

Ludwika


Przemyśl, 12 Desemba 1982

Seweryn kaka yangu,

Hii inapita kwao, wasome tu, hakuna wasichokijua.

Lesław alikuambia ni wimbo. Si wimbo. Ni mimi. Niliandika barua kwa wivu, nikataja soksi zako za mstari mwekundu kwenye kamba, nikazitaja kwa jina lako, na nilijua barua zinafunguliwa. Nilikuwa na hasira mpaka nikamwalika mkaguzi asome vizuri. Ni mimi niliyekuja na koti la Mama nikakutukana mlangoni. Siombi unisamehe kwa sababu sijui mtu anasamehewaje jambo kama hili. Nataka tu uwe unajua ni nani wa kumchukia, usipoteze chuki yako kwa shemeji yako.

Mama ni mzima. Ameanza kunijibu, ndiyo na hapana. Lesław alifika juzi, analala kwenye kochi na hatuongei sana, lakini jana nimemkuta anaiondoa cherehani mezani, akaketi na karatasi. Nikamwuliza, unaandika nini? Akasema, "Nywele za rangi ya ngano, na ulimi wa moto, na hataki kungoja." Nikamwambia peleka ofisini nakala tatu. Alicheka kidogo.

Nakutumia mkate wa Krismasi kama watauruhusu. Kona tatu zimemegwa. Yako ipo. Usipoila nitaelewa, nirudishie mkate kama ulivyo.

Dada yako,
Ludwika


Gerezani, 9 Januari 1983

Ludwika,

Tunaruhusiwa ukurasa mmoja, kwa hiyo nyamaza unisikilize.

Nilikuwa nimeweka jicho kwenye tundu la mlango. Koti la Mama nililitambua kabla ya uso wako. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa muda wote ulipokuwa kwenye ngazi, saa nzima, mpaka vidole vikafa ganzi. Nimeitwa mengi na waliokuja kunichukua, lakini hakuna aliyemfikia dada yangu. Walipokuja nilijua ni barua yako. Ofisa alinionyesha mwandiko. Shemeji aliponiambia ni wimbo, nikamwachia aamini kwamba naamini, alikuwa anajitahidi sana.

Nilikasirika Oktoba iliyobaki na nusu ya Novemba. Baadaye nikachoka, huku ni baridi mno kwa hasira ya muda mrefu. Miezi minane nilikaa chumbani kwa mumeo namsikiliza akikusema wewe asubuhi na jioni, nikaona wivu mimi, kwamba hakuna mwanamke ambaye angepanda treni tatu kuja kunitukana.

Mwambie aurudishe wimbo ule jukwaani. Ukumbini kuna spika, wanaupiga kila Jumamosi, na mlinzi mmoja mnene anauimba akipita na funguo. Hajui anamwimba nani. Ni burudani pekee niliyo nayo, asinikatie.

Mama mwambie nataka soksi. Sukari huku hakuna, kopo alitunze.

Mkate umefika umekatika vipande viwili lakini kona ilikuwepo. Nimeila. Uliobaki nimemega na wenzangu wa chumba, wanaume sita, tumetazamana machoni, tumetakiana afya na uzima. Usione wivu.

Seweryn